Grace Hopper: Mwanahisabati aliyeikabidhi mashine kazi ya kuunganisha programu

MNAMO Septemba 9, 1947, saa kumi kasorobo alasiri, wahudumu wa kompyuta ya Mark II katika Chuo Kikuu cha Harvard, Marekani, walimtoa nondo aliyekuwa amenaswa ndani ya swichi ya sumaku nambari 70. Walimbandika mdudu huyo kwa utepe wa gundi katika kitabu chao cha kumbukumbu, wakaandika saa na mahali alipopatikana, kisha wakaendelea na kazi.

Kisa hicho kimesimuliwa ulimwenguni kote, na mara nyingi anayetajwa kuwa alimgundua mdudu ni Grace Murray Hopper. Hilo si kweli. Hopper hakumtoa nondo huyo, wala matumizi ya neno mdudu kwa maana ya kasoro ya mtambo hayakuanzia hapo. Yalikuwapo tangu enzi za Thomas Edison katika karne ya 19. Alichofanya Hopper ni kukieneza kisa hicho katika mihadhara yake kwa miongo mingi, kwani alikuwa mwingi wa mzaha. Linalosikitisha ni kuwa nondo huyo ameifunika kazi yake iliyo nzito zaidi, nayo ndiyo inayomhusu kijana wa Lodwar au Kakuma anayejifunza kuandika programu za vifaa vidogo.

Tangu miaka ya 2010, baadhi ya visima virefu katika kaunti kame za kaskazini mwa Kenya, Turkana ikiwemo, vimefungwa vitambuzi vinavyoarifu, kupitia setilaiti au mtandao wa simu, iwapo pampu inafanya kazi au imenyamaza. Ndani ya kitambuzi mna kompyuta ndogo isiyo na kioo wala kibodi. Programu yake huandikwa kwenye kompyuta ya kawaida, ikatafsiriwa katika lugha inayoeleweka na chipu hiyo, ikaunganishwa na vipande vilivyoandikwa na watu wengine, halafu ikapakiwa. Kabla ya hayo yote, sharti mwandishi aeleze katika faili ya maelekezo ni chipu gani inayokusudiwa, kumbukumbu yake ni kubwa kiasi gani na inaanzia anwani ipi, saa yake ya ndani hupiga mara ngapi kwa sekunde, na maktaba za programu zinazotumika ni za toleo lipi.

Hapo ndipo wengi hukwama. Programu yenyewe huwa sahihi, ila maelekezo ya kuiunda yana kosa. Wakati mwingine kompyuta hukataa katakata na kumwaga malalamiko ukurasa baada ya ukurasa. Afadhali hivyo. Ubaya hasa huja inapokubali bila kunung'unika. Maelekezo yakidai kwamba saa ya chipu hupiga mara milioni 16 kwa sekunde, ilhali kwa kweli hupiga mara milioni 8, kila jambo litakwenda kwa nusu ya kasi. Dakika moja itageuka mbili, na herufi zinazotumwa kwa waya zitasomeka kama takataka. Kitambuzi cha namna hiyo kikifungwa kisimani, hesabu ya saa ambazo pampu imefanya kazi itapotoka, na huenda fundi akatoka Lodwar hadi Kakuma, mwendo wa takriban kilomita 120, kusaka hitilafu ambayo haimo kisimani kamwe. Wakati huo wote, wanaoteka maji hapo hawana wa kuwaambia ukweli wa pampu yao.

Grace Hopper alianza kupambana na makosa ya aina hii miaka mingi kabla ya chipu kuvumbuliwa.

Alizaliwa jijini New York mnamo Desemba 9, 1906, akiwa kifungua mimba katika familia ya Murray iliyojaliwa watoto watatu. Alipokuwa na umri wa miaka saba, alifungua saa ya mezani ili aone kilichoifanya ilie. Aliposhindwa kuirejesha ilivyokuwa, alifungua ya pili ili aige mpangilio wake, kisha ya tatu, hadi saa saba za nyumba yao zikawa zimetapakaa vipandevipande. Mamake hakumpiga marufuku. Alimwachia saa moja tu ya kuchezea.

Alinyimwa nafasi katika Chuo cha Vassar kwa mara ya kwanza kwa kuanguka somo la Kilatini, akakubaliwa mwaka uliofuata. Alihitimu mwaka wa 1928 katika hisabati na fizikia, akaendelea na masomo katika Chuo Kikuu cha Yale ambako alipata shahada ya uzamili mwaka wa 1930 na ya uzamifu mwaka wa 1934. Katika mwaka huo wa 1930 aliolewa na Vincent Foster Hopper, mwalimu wa fasihi, na jina la mumewe likamkaa hata baada ya ndoa yao kuvunjika mwaka wa 1945. Alirejea Vassar kufundisha hisabati. Wanafunzi wake walishangaa kutakiwa waandike insha katika somo la hesabu, kwani mwalimu wao alishikilia kwamba hesabu isiyoweza kuelezwa kwa maneno haimfai mtu yeyote.

Marekani ilipoingia katika Vita vya Pili vya Dunia mnamo Desemba 1941, Hopper alitaka kujiunga na Jeshi la Wanamaji. Alikataliwa. Umri wake ulikuwa umepita, uzani wake haukufikia kiwango kilichowekwa, na isitoshe, mwalimu wa hisabati alihesabiwa kuwa mtu anayehitajika zaidi nyumbani. Hakukata tamaa, na mnamo Desemba 1943 aliapishwa kwa ruhusa maalumu katika kikosi cha akiba cha wanawake. Alimaliza mafunzo ya uafisa akiwa wa kwanza katika kundi lake, na mnamo Julai 1944 akatumwa Harvard kwa Kamanda Howard Aiken, mtu mkali aliyekuwa akisimamia mashine ya kukokotoa iliyoitwa Mark I.

Mashine hiyo ilikuwa na urefu wa zaidi ya mita 15, kimo cha mita 2.4, na uzani wa karibu tani tano. Ilijumlisha nambari mbili kwa muda wa thuluthi moja ya sekunde na kuzizidisha kwa sekunde kadhaa. Amri zake zilitobolewa kwenye utepe wa karatasi. Hata hivyo, utepe peke yake haukutosha. Nambari zisizobadilika katika hesabu ziliwekwa kwa mkono kwenye safu 60 za vitufe vya kuzungushwa, kila safu ikiwa na vitufe 24, yaani vitufe 1,440 kwa jumla. Tena kulikuwa na nyaya za kuchomeka mahali maalumu kulingana na kazi iliyokusudiwa.

Mpangilio huo ndio babu wa faili ya maelekezo inayomsumbua mwanafunzi wa leo. Utepe ungeweza kuwa safi kabisa, lakini kitufe kimoja kati ya hivyo 1,440 kikikaa kwenye tano badala ya sita, mashine ingefanya kazi usiku kucha na kutoa jibu potovu bila ishara yoyote ya hitilafu. Wakati wa vita, majibu hayo yalihusu mizinga na mabomu. Hopper na wenzake, akiwemo Richard Bloch, walilazimika kuandika namna ya kuipanga mashine kwa kila hesabu, hatua kwa hatua, ili mhudumu wa zamu ya usiku asibahatishe. Aiken alimwamuru aandike kitabu cha mwongozo wa Mark I, na kikatoka mwaka wa 1946 kikiwa na kurasa zaidi ya 500.

Katika kipindi hicho walianza pia tabia iliyokuja kuzaa mambo makubwa. Kipande cha programu kilichokwisha kuthibitishwa, kama vile cha kutafuta kipeo cha pili, kilinakiliwa katika daftari. Aliyekihitaji aliazima daftari la mwenzake, akakinakili katika programu yake mwenyewe.

Amani iliporejea, maisha ya Hopper hayakutulia. Ndoa ilikuwa imekwisha, Harvard haikuwa na nafasi ya kudumu kwa mwanamke wa kiwango chake, na kwa miaka kadhaa alisumbuliwa na ulevi. Mwaka wa 1949 alihamia Philadelphia na kujiunga na kampuni changa ya J. Presper Eckert na John Mauchly, iliyokuwa ikiunda kompyuta ya kibiashara iliyoitwa UNIVAC. Mwaka uliofuata kampuni hiyo ilinunuliwa na Remington Rand.

Ni huko Philadelphia alikoyatazama yale madaftari kwa jicho jipya. Aligundua kwamba watu wenye shahada za juu hawawezi kuaminiwa katika kazi mbili ndogo: kunakili na kujumlisha. Herufi B iliyoandikwa kwa haraka ilisomwa kuwa 13. Tarakimu 4 ilichanganywa na alama ya pembetatu waliyoitumia kuonyesha nafasi tupu. Aidha, kila kipande kilichohifadhiwa kiliandikwa kana kwamba kinaanzia anwani sifuri katika kumbukumbu. Anayekiingiza katikati ya programu yake alipaswa kuongeza tofauti kwenye kila anwani iliyotajwa ndani yake. Akisahau moja, programu iliruka mahali pasipo, na siku nzima ilipotea.

Mkubwa mwingine angewakemea wafanyakazi na kuwaagiza wawe makini. Hopper aliwaza kinyume. Kazi ya kunakili na kujumlisha bila kuchoka ndiyo hasa iliyosababisha kompyuta kuundwa. Kwa nini basi binadamu aifanye kwa niaba ya mashine? Kati ya mwaka wa 1951 na 1952 aliandika programu aliyoiita A-0. Vipande vilivyothibitishwa viliwekwa kwenye utepe, kila kimoja na alama yake ya kukiitia. Mwandishi alitaja alama hizo kwa utaratibu alioutaka. A-0 ilivitafuta vipande hivyo, ikavipanga, ikarekebisha anwani zote, na kutoa programu nzima iliyo tayari kutumika. Aliipa jina la kompaila, yaani mkusanyaji.

Palizuka kikwazo kimoja kilichotatuliwa kwa njia ya kupendeza. Wakati mwingine programu ilihitaji kuruka mbele, mahali ambapo mashine haijafika na hivyo haijui anwani yake. Hopper alikumbuka mpira wa vikapu aliocheza ujanani, jinsi mchezaji anavyomrushia mwenzake pasi ya mbele. Alitenga sehemu mwishoni mwa kumbukumbu iwe mahali pa kungojea. Aliyetaka kuruka mbele aliruka kwanza hapo, na mashine ilipofika kwenye kipande kilichokusudiwa, iliacha hapo habari ya mahali kilipo.

Wanahistoria wa kompyuta husema kwamba A-0 haikuwa kompaila kwa maana ya sasa. Ilikuwa karibu zaidi na programu ya kuunganisha, ile ambayo leo huingia kazini mwishoni, baada ya vipande vyote kutafsiriwa. Wengine huyatamka hayo kana kwamba yanampunguzia sifa. Kwa mtu anayehangaika na chipu ya kitambuzi, yanamwongezea, kwa sababu hatua hiyo ya mwisho ndiyo yenye mitego mingi, na Hopper alikuwa miongoni mwa wa kwanza kuielewa kuwa kazi yenye kanuni zake.

Mathalan, kompyuta inapolalamika kwamba kipande fulani kimetajwa lakini hakipatikani, haisemi kwamba mwandishi hajui kuandika. Inasema kwamba utepe wa maktaba, kwa lugha ya Hopper, haukuwekwa mezani, au umewekwa wa toleo jingine, au ni wa mashine nyingine. Fundi mzoefu husoma lalamiko la kwanza kabla ya yote, maana mengi yanayofuata huzaliwa nalo. Hufuta vipande vya zamani vilivyobaki kutoka jaribio la jana na kuanza upya, kwa kuwa kipande kilichotafsiriwa kwa maelekezo ya awali kinaweza kujipenyeza katika programu mpya. Hujaribu programu ndogo kabisa, ya kuwasha na kuzima taa moja tu, ili ajue kama chipu na maelekezo vinapatana. Hubadilisha jambo moja kwa wakati mmoja, naye huandika alichobadilisha na saa aliyobadilisha. Kwa hili la mwisho, wale wahudumu wa Harvard na nondo wao wanastahili kuigwa kuliko wanavyostahili kuchekwa.

Hopper alisimulia baadaye kwamba alikuwa na kompaila inayofanya kazi na hakuna aliyetaka kuigusa. Wataalamu walimweleza kwamba kompyuta hufanya hesabu tu, haiwezi kuandika programu. Baadhi yao, ni wazi, walihofia riziki yao.

Hakukawia hapo. Alipendekeza kompyuta ipokee amri zilizoandikwa kwa maneno ya kawaida ya Kiingereza, kwa manufaa ya watu wa biashara. Ili kuwashawishi wakuu wa kampuni, aliwaonyesha programu fupi kwa Kiingereza, kisha ileile kwa Kifaransa na kwa Kijerumani. Kwake, haya yalikuwa maneno tu ya kubadilishwa na mengine. Wakuu walipigwa na butwaa: vipi mashine iliyoundwa Marekani ifahamu Kifaransa? Iliwachukua yeye na wenzake miezi kuwatuliza kwamba Kiingereza pekee ndicho kingetumika. Msomaji wa Kiswahili ataona hapo mlango uliofungwa mapema mno. Lugha iliyotokana na juhudi hizo iliitwa FLOW-MATIC.

Kufikia 1959, kila kampuni ya kompyuta ilikuwa na lugha yake, na aliyebadilisha mashine alilazimika kuandika upya kila kitu. Mnamo Mei mwaka huo, wajumbe wa serikali na wa kampuni walikutana Pentagon na kukubaliana kuunda lugha moja ya pamoja, COBOL. Hopper hakuwa katika kamati iliyoiandika. Alikuwa mshauri, na FLOW-MATIC yake ikachangia sehemu kubwa. Kumwita mama wa COBOL, kama ifanywavyo mara kwa mara, ni kuwadhulumu wengine walioshika kalamu. Mnamo Desemba 1960 programu moja ya COBOL iliendeshwa kwenye mashine mbili za kampuni hasimu, RCA na Remington Rand, nayo ikafanya kazi kwenye zote mbili baada ya mabadiliko machache tu.

Furaha hiyo haikudumu. Kila kampuni ilianza kuongeza vikorombwezo vyake, na programu iliyokubaliwa na kompaila moja ikakataliwa na nyingine. Hopper alikuwa amestaafishwa na Jeshi la Wanamaji mwishoni mwa 1966, jambo lililomuuma sana, lakini mnamo Agosti 1967 aliitwa arudi kwa miezi sita kuja kutengeneza mambo. Miezi hiyo sita iligeuka miaka 19.

Aliongoza kikundi kilichoandika majaribio ya kupima kompaila zenyewe. Badala ya kuamini neno la muuzaji kwamba bidhaa yake inafuata kanuni, kompaila ililishwa programu za majaribio na majibu yake yakalinganishwa na yaliyotarajiwa. Majaribio hayo hatimaye yalitumiwa na serikali nzima ya Marekani kabla ya kununua. Haikuwa kazi ya kuandikwa kwa wino mwekundu magazetini, lakini pengine ndiyo iliyookoa saa nyingi zaidi za watu kuliko yote aliyofanya.

Katika miaka hiyo alisafiri kila pembe ya Marekani akihutubia, akiwa amevaa sare na kubeba vipande vya waya vyenye urefu wa karibu sentimita 30. Huo ndio umbali ambao mwanga husafiri kwa sehemu moja ya bilioni ya sekunde. Aliwagawia makamanda waliotaka kujua kwa nini ujumbe wa setilaiti huchelewa, awaonyeshe ni vipande vingapi vya waya vilivyomo kati ya ardhi na setilaiti. Ukutani mwake alitundika saa iliyozunguka kinyumenyume, kuwakumbusha wageni kwamba desturi si sababu.

Alipinga pia tabia ya kununua kompyuta kubwa zaidi kila kazi ilipoongezeka. Aliwakumbusha wasikilizaji kwamba mkulima wa zamani aliyelemewa na gogo hakujitaabisha kumkuza fahali wake awe mkubwa zaidi. Alimfunga fahali wa pili. Mustakabali aliouona ulikuwa wa kompyuta nyingi ndogo, kila moja na kazi yake. Leo zimo ndani ya taa za sola zinazolipiwa kidogokidogo kwa simu, ndani ya mita na ndani ya vitambuzi vya visima. Kwenye ukingo wa Ziwa Turkana, kampasi ya Startup Lions iliyobuniwa na msanifu Francis Kéré wa Burkina Faso na kukamilika mwaka wa 2021 huwafunza vijana wa eneo hilo kazi za kompyuta.

Alipandishwa cheo hadi komodoro mwaka wa 1983, baada ya mbunge mmoja kumwona kwenye televisheni na kushangaa kwamba afisa wa aina hiyo alikuwa bado kapteni. Cheo hicho kilibadilishwa jina mwaka wa 1985 na akawa admirali wa ngazi ya chini. Alistaafu Agosti 14, 1986, ndani ya meli kongwe ya USS Constitution mjini Boston, akiwa na umri wa miaka 79, mkongwe kuliko maafisa wote wa Jeshi la Wanamaji waliokuwa kazini. Baada ya hapo aliajiriwa kuwa mshauri wa kampuni ya kompyuta ya Digital Equipment, akaendelea kuhutubia na kugawa waya zake.

Alifariki usingizini nyumbani kwake Arlington, Virginia, mnamo Januari 1, 1992, mwaka uleule ambao kambi ya wakimbizi ya Kakuma ilifunguliwa. Alizikwa kwa heshima zote za kijeshi katika makaburi ya taifa ya Arlington. Meli ya kivita iliyopewa jina lake, USS Hopper, iliingia kazini mwaka wa 1997, na mnamo Novemba 2016 Rais Barack Obama, ambaye babake alitoka Kogelo, Siaya, alimtunukia nishani ya juu kabisa ya raia nchini Marekani. Kile kitabu cha kumbukumbu cha 1947, nondo akiwa bado amebandikwa ndani yake, kimehifadhiwa katika jumba la makumbusho ya historia ya Marekani jijini Washington.